Taarifa za Kumpelekea Nani

Mimi hakuna kitu kilichoweza kunishangaza. Nilikuwa nalisema hilo hadharani kwenye kijiwe cha kahawa pale Kibiti, na waliokuwepo hawakubisha, kwa sababu walijua nilikotoka. Niliacha shule darasa la nne. Nilianza na ndoo moja ya kamba wa kuchemsha, naibeba kichwani mwenyewe. Biashara zilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuuza atakacho, wenye vyeti walikaa wakijadiliana, mimi nikaenda kutafuta barafu. Baada ya miaka michache nilikuwa na makasha yangu, boti ya kukodi kila bamvua, maji yanapojaa sana, na lori linanisubiri nchi kavu. Nimezama mara mbili, nimeibiwa mara tatu, na mara zote hizo sikupandisha sauti.

Sasa sikiliza kilichonipata.

Binti yangu wa kwanza alimaliza kidato cha sita. Upande wangu na upande wa mama yake hakuna aliyewahi kufika hata cha pili, na sifa hiyo naidai na mimi, maana vitabu vyake vyote vilitoka ndani ya kasha la kamba. Akaenda Dar kukaa kwa shangazi yake, akaomba nafasi kwenye chuo cha hukohuko, akaandika anwani ya sanduku langu la barua. Sikumuuliza anaomba kusoma kitu gani. Nilimwambia tu asome biashara, kwa kuwa kwenye biashara nitamkagua mwenyewe.

Barua ikaja, ya Kiingereza. Nikaipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa karani katika ofisi za wilaya kule Utete, akastaafu, akahamia kwetu. Barua zote za Kiingereza za pale mtaani zilipita kwake, nawe ulimpelekea robo ya sukari. Akavaa miwani, akasoma kimya mpaka mwisho, akasema mtoto amepata nafasi, aripoti Ijumaa ya mwisho wa mwezi kabla ya saa sita mchana, asipofika nafasi anapewa mwingine. Nikamuuliza amepewa somo gani. Akasoma kwa Kiingereza, kisha akanitafsiria polepole, kama anayesoma hukumu.

"Utaratibu wa Kutoa Taarifa za Biashara."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Mtu wa leo hawezi kuelewa maneno hayo yalivyoniingia. Msimu ule watu wa kodi walifika Ikwiriri kwa mfanyabiashara mmoja, wakapita mbele ya duka bila hata kulitazama, wakaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye rundo la pumba za mpunga, wakafukua magunia yaliyokuwa chini. Kila mtu alijua maana yake. Kuna mtu ametoa taarifa. Kwetu sisi neno hilo halikuwa na kazi nyingine miaka ile. Na mimi sikuwa malaika. Katika makasha yangu matano, moja lilikuwa halisemi mbele ya watu wa kodi.

Karani akavua miwani. "Serikali ya sasa ina akili, bwana. Wanamsomesha mwanao mwenyewe, halafu wanakurudishia nyumbani akuchunguze."

Nikamwachia sukari yake, nikamwomba asimwambie mtu. Nilipofika nyumbani niliifungia ile barua ndani ya sanduku la nguo, chini ya kanzu yangu ya Idi, na ufunguo nikawa natembea nao.

Wiki moja baadaye binti akarudi kutoka Dar, hana raha, anataka awe karibu na posta. Kila gari la barua likipita, ananiuliza kama kuna chochote. Nikamwambia bado. Mara ya pili, bado. Mara ya tatu hakuuliza kwa maneno, alinitazama tu nikiingia, na mimi nikatikisa kichwa. Mama yake akaniambia mtoto hali vizuri, anadhani amefeli. Nikasema wanaofeli ni wengi na dunia inaendelea. Nilijiona mwanamume mwenye uamuzi. Usiku sikulala, lakini hilo sikumwambia mtu.

Wiki ile ya mwisho wa mwezi binti akasema basi, kama chuo hakimtaki, atafuatana nami deltani, kwenye milango ya mto, akajifunze kazi yangu. Jumatano tukashuka kwa boti ya mashine hadi kambi ya wavuvi ng'ambo ya Salale, na mabonge manne ya barafu tumeyafukia kwenye pumba. Boti ikatuacha, ikaenda zake, irudi siku ya tatu.

Kambi ilikuwa tupu. Vibanda vimebaki, wavuvi hawapo. Waliobaki ni akina mama wachache wanaoanika uduvi, na mfanyabiashara mmoja wa Mohoro niliyekuwa nikimcheka siku zote kwa kununua boti na mashine yake mwenyewe badala ya kukodi kama watu wenye akili. Nyavu zote zilihamia mlango mwingine wa mto tangu siku mbili nyuma. Tukakaa, barafu inatiririka mchangani.

Alhamisi asubuhi tulikuwa tumekaa kwenye kasha, maji yamekupwa, nikamwambia binti kwamba hapo hakuna mtu wa kulaumiwa, kitu kama hicho hakuna awezaye kukijua kabla.

"Watu watatu walijua, baba," akasema.

Nikamuuliza ni nani hao.

Akanihesabia. Mwenye boti yetu alijua, kwa sababu juzi yake aliwabebea wavuvi mafuta ya taa kuwapeleka huko walikohamia. Mama muuza vitumbua kule tulikopandia boti alijua, aliwaona wakipita na nyavu. Na muuza petroli alijua. Yeye binti alikaa nao dakika chache tu akiwasalimia, wote wakamwambia bila kuulizwa, lakini alidhani na mimi naijua habari hiyo.

"Watu watatu walijua, na hakukuwa na njia ya habari hiyo kukufikia wewe kabla hujanunua barafu. Hiyo njia ndiyo niliyoomba nikasomee kuitengeneza. Kwa duka, kwa kiwanda, kwa yeyote. Siku hizi wanatumia kompyuta, lakini kompyuta ni chombo tu."

Nikamuuliza jina la somo lenyewe. Akalitaja kwa Kiingereza, lilelile la karani, kisha kwa Kiswahili: mifumo ya taarifa za biashara.

"Na taarifa hizo zikishakusanywa, unampelekea nani?"

"Mwenye biashara, baba. Nani mwingine azitake?"

"Watu wa kodi."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Dar. "Watu wa kodi wana watu wao. Mimi nimuuze baba yangu kwa nani?"

Nimewahi kutua mzigo wa kilo mia baada ya kuubeba nusu saa kwenye tope. Hata siku hiyo sikupata nafuu kama ile. Nilicheka mpaka yule mtu wa Mohoro akageuka kutazama. Halafu nikakumbuka ile barua, na siku yenyewe, na kicheko kikaisha.

"Barua ilifika," nikamwambia.

Akauliza lini. Nikasema ina wiki tatu. Akauliza aripoti lini. Nikasema kesho, kabla ya saa sita. Hakulia na hakunitukana. Alisimama, akafunga khanga yake kiunoni, akaanza kuburuta begi lake kuelekea majini.

Boti yetu hairudi mpaka kesho yake jioni. Mashine iliyokuwepo ilikuwa moja, ya yule niliyekuwa namcheka. Nikamwendea. Aliniacha nimalize maelezo yote, akachokonoa meno kwanza.

"Mwenye kukodi kama watu wenye akili," akasema, "leo unakuja kwangu?"

Nikasema nimekuja. Akasema anataka barafu yote iliyobaki na petroli nilipe mimi. Nikakubali kabla hajamaliza. Kumbe hakuwa mtu mbaya. Maji yalipoanza kujaa alishuka mwenyewe kwenye tope mpaka mapajani, tukasukuma pamoja.

Tulifika Kibiti jua linazama. Nikafungua sanduku, nikampa barua yake. Akaisoma amesimama, mama yake pembeni akinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Binti alipomaliza, nami nimemweleza tafsiri ya karani, alisema karani amekosea neno moja tu, hakuna mahali palipoandikwa kutoa. Basi. Alfajiri tukapanda lori la mpunga. Mvua ilikuwa imeiharibu barabara, tukakwama mara mbili, na saa sita ilitukuta bado hatujaingia mjini. Binti alikuwa anaangalia nje. Niliomba dua zote ninazozijua, na hazikuwa nyingi.

Tulifika chuoni saa nane na nusu. Watu walikuwa wametoka kuswali Ijumaa, dirisha la usajili ndiyo kwanza limefunguliwa tena. Mama aliyekuwa ndani alitazama barua, akatazama saa, akauliza kwa nini tumechelewa. Nikafungua mdomo nijieleze, binti akanitangulia.

"Barua ilichelewa njiani, mama."

Yule mama akasema nafasi ipo, hawajaanza kuzigawa, wanaozidisha muda hupokelewa mpaka saa kumi kwa faini. Nilishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Binti akanikanyaga mguu kidogo, kunizindua, na nilipomtazama alikuwa anatabasamu.

Alisoma miaka mitatu, na kazi anayoifanya leo ni hiyohiyo, kuwatengenezea wenye makampuni njia za kujua mambo yao wenyewe. Nikiulizwa kijiweni nalitaja somo lake kwa Kiingereza, bila kukosea.

Siku ile nilitoa fedha mfukoni, na mimi ambaye sijawahi kununua hata kiberiti bila kuombea punguzo, sikuomba. Nililipa faini yote, shilingi elfu kumi na mbili na mia tano.