Ukoka wa Thabo na Mboga za Perpetua

Viwavi waliingia kwenye ukoka wa Thabo mwishoni mwa Februari, na hakuna aliyewaona wakija. Leo ukoka ulikuwa wa kijani, umelala mbele ya nyumba kama zulia. Wiki haijaisha, umegeuka rangi ya mkeka uliochakaa. Thabo alipiga magoti, akapekua nyasi kwa vidole, akawakuta wamejikunja huko chini, wanene, wameshiba.

"Eish," alisema.

Mkewe, Perpetua, alikuwa amesimama barazani na kikombe cha chai. Alimwonea huruma, tena huruma ya kweli, kwa kuwa alijua ukoka ule ulikuwa nini kwa mumewe. Lakini tusimsingizie utakatifu. Chini ya ile huruma kulikuwa na furaha ndogo iliyokuwa ikichungulia, ikabidi anywe chai harakaharaka isije ikamtoka usoni.

Walikutana Morogoro, enzi zile Thabo akiwa kijana aliyeikimbia nchi yake, akiishi na wenzake waliokuwa wakipigania ukombozi wa Afrika Kusini. Perpetua alikuwa binti wa mkulima wa mboga, na kila asubuhi alipeleka mchicha na nyanya jikoni kwao. Thabo alizoea kumsindikiza na kikapu kitupu, na njiani alimsimulia nyumba atakayokuwa nayo siku watakaporudi kwao. Nyumba yenyewe haikuwa na makuu. Ila mbele yake lazima pawe na nyasi zilizokatwa zikakatika, kama zile alizoziona utotoni Johannesburg, kwenye nyumba ya watu ambako mama yake alifanya kazi za ndani. Zile nyasi hakuruhusiwa kuzikanyaga.

"Nyasi?" Perpetua alicheka. "Wewe ni mbuzi?"

"Sitazila. Nitakaa juu yake, nivue viatu."

Siku ilifika kweli. Walirudi na mtoto wao, Dineo, mgongoni, na Perpetua alikuwa amefunga mbegu za mchicha kwenye pindo la khanga. Walipangishwa chumba chenye kipande cha ardhi nyuma, naye hakukawia. Ulikuwa mwezi wa Mei, akazimwaga mbegu zake. Mchicha ukachomoza, mwekundu kwenye shina, kama wa nyumbani kabisa. Kisha asubuhi moja ya baridi kali alifungua mlango akakuta ardhi nyeupe, kana kwamba mtu amepita akinyunyiza unga. Jua lilipopanda, kila mche ulikuwa umelala chini, mweusi, unateleza mkononi. Perpetua alikaa kizingitini akalia mpaka Dineo naye akaanza kulia. Thabo alisimama pale asijue la kufanya. Alisema atamnunulia mchicha mwingine. Hakuelewa kwamba mkewe hakuwa analilia mchicha.

Tangu hapo Perpetua hakupanda kitu. Aliamini ardhi ya huku haina mpango naye. Walipopata nyumba hii ya Troyeville, mjini Johannesburg, Thabo alitandaza ukoka wake, akavua viatu, akakaa juu yake kama alivyoahidi. Na Perpetua, aliyekuwa akifundisha watoto wadogo wa chekechea, alinunua mboga dukani kama watu wengine. Miaka ikapita hivyo. Dineo akaolewa Durban, Perpetua akastaafu, na kila Jumamosi mashine ya kukatia nyasi ikanguruma chini ya dirisha lake.

Sasa viwavi wamekuja. Perpetua alingoja siku chache, maana msiba hauingiliwi siku ya kwanza, halafu akalitoa la moyoni wakiwa mezani.

"Baba Dineo, naomba nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya ukoka. Si umekufa?"

"Haujafa. Unaumwa."

"Basi nipe ile nusu mahututi."

Thabo alitafuna kwa muda mrefu. "Chukua upande wa ukutani," alisema mwishowe. "Lakini jembe mimi sishiki. Siwezi kuuchimbia kaburi ukoka wangu mwenyewe."

Perpetua hakukimbilia jembe. Ile asubuhi nyeupe ilikuwa bado inamkaa rohoni, na safari hii alitaka kuuliza kabla ya kupanda. Alivuka barabara hadi kwa Nomsa, jirani aliyezaliwa mjini humu humu na kulelewa na bibi mwenye bustani.

"Baridi ikija, ni nini kinachobaki hai?" alimwuliza.

Nomsa hakufikiri hata kidogo. "Spinachi. Kabichi. Karoti, vitunguu, njegere, bitiruti. Kitunguu saumu ndicho kinaipenda baridi kabisa. Nyanya na maboga usiguse, hayo ni ya joto. Na upande mwezi huu, Mama Dineo, udongo ungali na joto, mizizi ipate kushika. Ukifika Mei hujapanda, umechelewa."

Perpetua alirudi nyumbani taratibu. Mei! Kumbe ardhi haikuwahi kumkataa. Alikuwa ameipelekea mboga ya jua kwenye mlango wa baridi, basi. Aliona aibu kidogo, kisha akajicheka pale katikati ya barabara, hadi gari likampigia honi.

Siku zilizofuata alilisoma jua. Aliweka vipande vya matofali mahali kivuli cha ukuta kilipoishia asubuhi, akaweka vingine mchana, akijua kwamba majira yanavyosonga jua litashuka na kivuli kitarefuka. Penye jua la kutosha akapatengea kabichi na vitunguu. Penye kivuli cha nusu siku, spinachi na sukuma. Njegere zilipewa uzio wa waya zipande.

Jumapili alikuja Marthe. Huyu alikuwa msusi kutoka Bukavu, mpangaji wao wa chumba cha nyuma, mwanamke wa sauti kubwa na mikono yenye nguvu. Alitoka kanisani, akavua viatu vya kisigino, akapindua sketi kiunoni na kushika beleshi bila kuombwa.

"Mama Perpetua, na lengalenga tunaweka wapi?"

Lengalenga ndilo jina la mchicha kwao Kongo. Perpetua alitabasamu. "Lengalenga itakufa, mwanangu."

"Ah, mama! Hata kwetu Bukavu kuko baridi!"

"Baridi ya Bukavu inapiga hodi. Ya hapa inavunja mlango." Akamsimulia ile habari ya Mei, na khanga, na kizingiti. Marthe aliacha kuchimba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika mkono, na mikono yote miwili ilikuwa na udongo.

"Bon, sawa," alisema. "Tutapanda Septemba. Lakini sukuma tupande mingi, mama, mingi sana. Mimi siishi na kabichi."

Kazi ilikuwa ngumu. Mizizi ya ukoka ilikuwa imesukana ardhini kama kamba, na kila pigo la jembe lilirudi na kishindo mabegani. Thabo alikaa barazani na redio yake, akitazama kwingine. Walipochanganya samadi ya kuku na mboji na kuanza kuinua matuta, alikohoa.

"Hilo tuta limepinda."

"Limepinda wapi?" Perpetua aliuliza bila kugeuka.

"Hapo katikati. Limepinda kama mkia wa mbwa."

"Mboga hazijali."

Ilimshinda. Mtu aliyekata kingo za nyasi kwa uzi maisha yake yote hawezi kukaa akatazama mstari uliopinda. Aliingia ndani, akatoka na kamba na vigingi viwili, akainama, akafumba jicho moja.

"Sijashika jembe," alionya.

"Nani kasema umeshika?" Marthe alijibu, akampisha.

Miche ilipandwa katikati ya Machi, na mbegu za karoti na bitiruti zikamwagwa kwenye mifuo iliyonyooka kama rula. Perpetua alimwagilia kwa maji waliyoogea, maana mabomba ya mtaani yalikuwa na siku zao za kukauka. Kila asubuhi alitoka kabla ya chai kuangalia. Spinachi ilishika kwanza. Karoti zilichelewa hata akakata tamaa, halafu zikatokea zote kwa pamoja, nyembamba kama nywele. Alimwita Marthe aje kuziona, Marthe akaja na kitana mkononi, amemwacha mteja wake nusu kichwa uani kwenye kiti.

Kisha ikaja ile Alhamisi ya mvua ya mawe.

Perpetua alikuwa mtaa wa Fordsburg, amekwenda kununua dengu na bizari. Anga lilikuwa jeupe na zito tangu saa sita. Alikuwa anatoka dukani upepo ulipogeuka baridi ghafla, na mawe yakaanza kuanguka, kwanza mojamoja juu ya mabati, halafu kwa pamoja, kelele tupu. Watu walikimbilia chini ya vibaraza vya maduka. Mawe yaliruka barabarani makubwa kama njugu, mengine kama mayai ya njiwa. Mwanamke aliyesimama karibu naye alikuwa akiliwazia gari lake. Perpetua aliziwazia karoti zenye ukubwa wa nywele.

"Basi," alijisemea. "Tena."

Njiani kurudi, kwenye teksi, alitazama nje. Mitaa ilikuwa imefunikwa majani yaliyochanika, na kwenye mifereji mawe yamelundikana meupe. Alipokaribia nyumbani alipunguza mwendo. Alifikiri kupita mlango wa nyuma ili asione. Lakini akapiga moyo konde, akafungua geti.

Ilimchukua muda kuelewa alichokuwa anakitazama. Juu ya matuta kulikuwa na mapazia yake ya sebuleni, yale meupe ya wavu aliyoletewa na Dineo, yamefungwa kwenye uzio wa njegere na kwenye vigingi, yamelegea katikati kwa uzito wa mawe. Pale mapazia yalipoishia palikuwa na mabeseni ya kufulia, yamefunikwa kifudifudi. Mwisho wa tuta la kabichi palikuwa na meza ya kahawa, na chini ya meza alikuwa Thabo, amekaa matopeni na sufuria ya ugali kichwani.

"Imeisha?" aliuliza.

"Imeisha zamani! Unafanya nini humo?"

"Goti limegoma. Siwezi kunyanyuka."

Perpetua alidondosha mfuko wa dengu. Alicheka hadi akashika ukuta, kisha akagundua kwamba machozi anayofuta si ya kucheka tu. Alimshika makwapani, akamvuta, wote wawili wakateleza wakakaa kwenye matope. Sufuria ilikuwa na mabonyeo mawili mapya. Kwenye mkono wa Thabo palikuwa na alama nyekundu za mawe, kama mtu aliyepigwa kwa fimbo.

"Ungeumia, mzee wangu. Kwa ajili ya karoti?"

Thabo aliangalia mikono yake. "Safari ile nilisimama tu," alisema. "Ulikuwa unalia mlangoni, nami nimesimama. Nikakwambia nitakununulia mchicha. Nimekuwa nikiyafikiria maneno yale, Perpetua. Ni ya mpumbavu."

Hakumwita kwa jina lake mara nyingi. Perpetua aliegemeza kichwa begani pake, wakakaa hivyo hivyo mpaka Marthe alipofika anakimbia kutoka saluni anakosukia, akasimama getini, akauliza kwa Kifaransa kama wamepatwa na wazimu.

Walitoa mapazia pamoja. Kabichi kadhaa zilikuwa zimechanika majani ya nje, na kipande cha bitiruti mahali pazia halikufika kilikuwa kimepondwa chote. Mboga nyingine zote zilikuwa hai. Mapazia hayakufulika tena, na Dineo alipoambiwa kwa simu aliuliza, "Baba alikuwa na sufuria kichwani kweli?" akataka asimuliwe upya toka mwanzo.

Baridi ilipovunja mlango mwezi wa Juni, ilikuta spinachi na sukuma zimenenepa. Asubuhi majani yalikuwa magumu kwa jalidi, ule umande ulioganda, meupe kingoni. Saa nne jua likiyapata yalinyooka, na Nomsa alikuja kuhakikisha kwamba yamekuwa matamu zaidi, kama alivyosema. Alihakikisha mara nyingi, kila mara na mfuko.

Thabo ndiye aliyekuwa akimvunia. Alikuwa mkali sana katika hilo. Unachuma majani ya nje, alimweleza Nomsa, ya ndani unayaacha yakue, tena unakata chini kabisa kwa kisu safi, si kurarua kama mbuzi.

"Mimi nimelelewa na bustani," Nomsa alimkumbusha.

"Najua. Ndiyo maana nashangaa unavyorarua."

Perpetua aliwasikia kutoka jikoni, ambako alikuwa akitwanga karanga za kuungia sukuma. Marthe alikuwa amekwishaleta sahani yake, akakaa mkao wa kula, akauliza kama pilipili ipo.