Matundu Mawili ya Tangi la Bwana Samaki

Harufu ya shaba iliyopata moto ndani ya mchanga uliolowa hainitoki puani, ingawa ni zaidi ya miaka sitini sasa. Ilitawala uani kwetu Lamadi, ikichanganyika na ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, walioanikwa kwa jirani. Baba alikuwa fundi wa kutoboa makome, yale meupe ya kutoka pwani waliyovaa shingoni wacheza ngoma. Alitumia kekee ya upinde, kipande cha bomba la shaba na mchanga wa ziwani. Kazi ile ilitaka watu wawili: mtoboaji upande huu, na mtazamaji upande wa pili, kome likiwa limebanwa wima kuelekea jua. Ganda likishakuwa jembamba mwanga hupenya. Mtazamaji husema “Gonga,” na fundi humalizia kwa pigo moja la msumari. Kugonga kabla ya kuambiwa kulikuwa mwiko. Mtazamaji nilikuwa mimi, binti wa miaka tisa, na nilivimba kichwa kweli kweli, maana hata baba alilisubiri neno langu.

Mama hakuwapo. Mwaka ule pamba ilikataa, makome yakakosa wanunuzi, na mjomba akaja kumrudisha kwao Kalemela, mdogo wangu mgongoni. “Shemeji, ukipata kazi ya kueleweka, tutazungumza,” alimwambia baba. Kazi yenyewe ikaja na Bwana Samaki, mzungu aliyesimamia uvuvi. Alikuwa ameletewa tangi la kioo ili watu waje watazame samaki wakiogelea, lakini maji yalioza na samaki wakaelea matumbo juu. Alitaka matundu mawili, la kuingizia maji na la kutolea. “Toboa mbili, mimi naandika wewe kazi,” alisema kwa Kiswahili chake cha kukatika. Baba alipeleka habari Kalemela siku ileile, na mama akajibu kwamba angekuja Jumamosi aone mwenyewe.

Tulilaza tangi ubavu, nikaingiza kichwa ndani. Upande wa pili wa kioo niliuona uso wa baba wote, jasho likimtiririka puani. Tundu la kwanza lilichukua siku mbili. Hakuniuliza neno wala hakugonga. Alisaga taratibu mpaka shaba ikatokeza yenyewe. “Hiki si kome, mayu,” aliniambia, yaani mama, kama Wasukuma tunavyowaita mabinti. Jumamosi asubuhi la pili lilikuwa bado, na mkono wake ulishachoka. Mimi nilitaka mama akute kazi imekwisha. Mwanga niliuona, lakini ulikuwapo tangu tulipoanza. Kioo ndivyo kilivyo. Nilijua hivyo, ingawa nilikuwa mtoto. Nikasema, “Gonga.” Baba akasita. “Umeona kweli?” Nikajibu, “Nimeona, baba. Gonga.” Mwiko ulikuwa kugonga bila neno, na neno alikuwa amelipata. Akagonga.

Ufa ulianzia kwenye msumari ukapita katikati ya uso wake mpaka pembeni. Bwana Samaki hakufoka. Alivaa kofia yake akaondoka. Mama alifika adhuhuri na mjomba nyuma yake, akakitazama kioo kilichopasuka, na furushi lake hakulitua. Alinishika kichwa kidogo, kisha wakageuza njia. Baadaye ng'ombe wa mahari walirudishwa, na mama akaolewa kwingine. Baba aliitundika kekee, hakuishika tena. Kila aliyeuliza alimjibu, “Mkono wangu uliniponza.” Hakunitaja hata siku moja, na mimi nilimwachia hivyo hivyo mpaka tukamzika. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea peke yangu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kweli, ambaye ninaishi naye hapa Somanda, alileta fundi atoboe tangi lake la samaki. Kijana yule alichomeka mashine ya umeme, akamwagia maji, na chai yangu haikuwa imechemka alipokaribia mwisho. Nikamuuliza kama huwa wanagonga pale mwishoni. Akacheka. “Thubutu, bibi! Hapo ndipo kinapasukia. Mtoto mdogo anajua.” Tundu likatoka safi. Mjukuu akaniita, “Bibi, njoo uchungulie!” Sikwenda. Niliiacha chai ikapoa, nikakaa namfikiria baba, aliyekwenda kaburini akiamini kwamba siku ile niliona.