Picha ya Mama Odile Yenye Maua

Mama Odile hajui kutulia. Mimi nauza sabuni pembeni mwa kibanda chake cha cherehani, hapa sokoni Kasongo, na kila siku namwona akila muhogo wake amesimama, macho njiani, eti mteja asije akapita akamkosa. Nikimwambia haraka haraka haina baraka, hunijibu kwamba baraka zenyewe ndizo anazozikimbilia. Kumtazama tu kunachosha.

Kwa hiyo Fabrice alipokuja kutoka Kindu kuwafundisha wafanyabiashara wadogo jinsi ya kuuza kwa internet, Mama Odile alikuwa wa kwanza kuingia katika ukumbi wa parokia, na mimi nilikuwa wa pili kwa sababu alinivuta mkono. Fabrice alifundisha vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema mteja hanunui kwa ukuta, ananunua kwa mtu, basi weka uso wako mwenyewe kwenye ukurasa wako wa Facebook. Eleza uko wapi kwa alama ambayo hata mgeni ataiona. Toa namba ya simu ambayo kweli unaipokea, na usipachike picha ya gauni la Dubai ambalo huwezi kulishona. Halafu akasema neno ambalo alilirudia mpaka nikachoka: yaliyo muhimu yaandikwe juu ya picha yenyewe. Huku kwetu mega za internet ni ghali, watu hawafungui ukurasa mzima. Wanachukua picha tu na kutumiana kwa WhatsApp, na maneno ya chini yanabaki nyuma.

Hilo la mwisho Mama Odile hakulisikia. Alikuwa ameshatoka nje kutafuta mtu wa kumpiga picha.

Picha ilitoka vizuri. Kikwembe kipya cha kitenge, kilemba kirefu, mikono amekunja mapajani, na hacheki hata kidogo, maana mtu wa heshima hachekeshwi na simu. Ndipo akagundua kwamba simu yake inaweza kuipamba. Akaizungushia maua meupe, na pembeni akaweka mshumaa unaowaka, ili picha ing'ae. Chini, kwenye ukurasa, akaandika habari zote za kazi yake. Juu ya picha hakuandika kitu.

Nilipoiona, nilimwambia asubiri kwanza. Huku kwetu mtu akifariki, watoto wake huchagua picha yake nzuri, huiwekea maua na mshumaa, na huituma kila mahali. Anayeipokea haulizi kitu, anaanza kulia.

"Mama Odile," nikasema, "hii iko picha ya matanga."

"Yaya Émérance, wewe iko na wivu," akanijibu, maana mimi kwake ni kama dada mkubwa, na kidole chake kikabonyeza kuituma.

Asubuhi iliyofuata alikuja mama mmoja wa kwaya, kitenge amejifunga kiunoni, analia kwa sauti: "Odile we! Unatuacha na nani?" Odile mwenyewe akachungulia kutoka kibandani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Yule mama alirudi nyuma mpaka akaangukia sabuni zangu. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Wakaja wengine, mmoja na makaa ya kupikia msibani, na Mama Odile, bila haya, akampima mmoja wao blauzi.

"Unaona, yaya? Publicité inatembea."

Tangazo lilikuwa linatembea kweli. Soraya, binti wa kijiji cha Wamaza anayeuza samaki wakavu hapa sokoni, alikuja mbio na simu yake mkononi. Picha ilikuwa imefika katika kundi la WhatsApp la watu wa Wamaza. Maneno ya kazi hayakuwamo, maua tu na mshumaa, na chini yake "Mungu amupokee" zimejaa.

Kicheko kikamkatikia Mama Odile mdomoni. "Mama yangu," akasema.

Mama yake, bibi Dieudonnée, anaishi Wamaza kwa Jean-Pierre, ndugu yake Odile, na ana tension, shinikizo la damu, inayompanda hata kwa kelele za mbuzi. Odile alimpigia Jean-Pierre, simu haipatikani. Kule mtandao unashika juu ya kilima tu, na anayeteremka kijijini na habari hapatikani tena kwa simu. Alichukua simu ya Soraya akatuma ujumbe wa sauti katika kundi lile: "Ni mimi Odile! Niko muzima!" Wakamjibu kwamba kumchezea marehemu ni dhambi. Nilitaka kuwatukana wote mmoja mmoja.

Alifunga kibanda bila kukunja vitambaa. Ayoubu, mwenye pikipiki ya abiria, alikubali kutupeleka, tukapanda watatu, mimi nyuma, kwa sababu sikuweza kumwachia njia ile peke yake. Matope yalitufika magotini mahali pengine, tukashuka, tukasukuma, tukapanda tena. Penye daraja la miti Ayoubu alitaka kupumzika. Odile alikuwa ameshavuka kwa miguu, anatuita kutoka ng'ambo kwa hasira.

"Kama mama anakufa juu ya ile picha yangu," aliniambia sikioni tulipokuwa tukienda, "nitafanya nini, yaya?"

Niliogopa. Nikamuuliza tu tangu lini hajafika kwao. Alinijibu tulipokuwa tukipita shamba la mpunga.

"Tangu matanga ya baba. Kila Noeli ninasema nitaenda. Kazi haiishe."

Tulifika jua likianza kupoa. Njiani tulikutana na wanawake wamebeba kuni na muhogo vichwani, na mtu hahitaji kuambiwa mzigo wa namna hiyo unaenda wapi. Wa kwanza kumwona Odile alitupa kuni zake akakimbilia mpungani. Odile hakusimama kumweleza. Aliruka kutoka kwenye pikipiki ikiwa bado inakwenda, akaanguka, akainuka, akakimbia huku kilemba kikifunguka.

Uani kelele zilikatika ghafla. Bibi Dieudonnée alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, kichwa wazi, yu hai. Jean-Pierre alisimama nyuma yake na mdomo wazi. Odile alipiga magoti, akaanza kueleza mambo ya Facebook, maua, Fabrice, mteja, yote kwa mara moja, kama mtu anayemwaga gunia.

Bibi hakumsikiliza. Alimshika uso kwa mikono miwili. Alimpapasa mabega, akamnusa shingo, akavuta sikio lake kidogo kama mtu anayepima kitambaa. Halafu akasema polepole, na wote tulisikia:

"Mutoto wangu. Mpaka ukufe kwanza, ndiyo unakuja kuniona?"

Wanawake waliangalia chini. Mama Odile, ambaye sijawahi kumwona akitulia, aliketi kwenye mkeka, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake. Ayoubu akaja kuniuliza kama tunageuza kurudi Kasongo kabla ya mvua. Nilimwambia ageuze peke yake, sisi tunalala hapa.