Darasa la Mwalimu Drocella halijui kuficha

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya vilima vya Mushaki. Mwalimu Drocella Uwamwezi anaingia darasa la pili na udongo mbichi kwenye viatu. Hata mfuko hajauweka mezani, na hukumu imeshatoka.

"Mwalimu, leo uko mubaya," anasema Kayitesi, msichana wa dawati la mbele. "Macho yako iko mwekundu. Ulikunywa kasiksi?"

Darasa linacheka. Kasiksi ni pombe ya ndizi, na kila mtoto hapa anamjua mtu anayeamka nayo hivyo.

"Nilikuwa mu shamba, mwanangu."

"Basi usilale tena. Jana ulikoroma."

Mwalimu anageukia ubao. Ni kweli alikoroma.

Tangu mumewe, Papa Habineza, aumie mgongo, maharagwe na mihogo ya mlimani vimebaki kwake peke yake. Analima kabla ya shule, analima baada ya shule. Mshahara wa mwalimu huja unapotaka, na wala haulishi nyumba mpaka mwisho wa mwezi.

Lakini shamba si hofu yake kubwa. Drocella alisoma sekondari miaka minne tu. Vijana wenye diploma ya serikali wamejaa, wanakaa nyumbani bila kazi. Mkurugenzi wa shule alishamwambia wazi: inspekta akimkuta dhaifu, darasa atapewa mwingine.

Basi mwezi uliopita, aliposikia inspekta anakuja, alifanya wanachofanya walimu wengi. Somo alilifundisha siku moja kabla, majibu na yote. Kisha akapanga na watoto: anayejua anyooshe mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mikono yote iwe juu, naye amchague wa kulia.

Inspekta Floribert akaketi nyuma. Swali la kwanza, mikono yote juu. La pili, vilevile. Akafurahi, akaja mbele, akamwinamia Kayitesi.

"Na wewe, mbona unanyoosha wa kushoto?"

"Sijue, Papa. Mwalimu alisema wenye hawajue wanyooshe wa kushoto. Na hii leson tulishaifanya jana."

"Nilijua darasa imeshaenda," anakumbuka Drocella.

Inspekta hakugomba. Alifuta ubao mwenyewe, akaandika 42 kutoa 17. "Fundisha hii, Mama."

Hakuwa ameiandaa. Alichukua vijiti vilivyofungwa kumi kumi, akawaambia watoto: "Mikono chini. Mwenye hajaelewa aseme na kinywa."

Wakasema.

"Mwalimu, sielewe."

"Unaenda mbio!"

"Ile yenye umefuta, rudisha."

Alirudia, jasho likimtoka. Alirudia tena, mpaka Kayitesi akapiga dawati: "Aa, kumbe unafungua fungu moja! Sasa ndio umesema kitu."

Wakati wa kuondoka, inspekta alisimama mlangoni. "Nitarudi kabla ya likizo kubwa. Siku sitasema. Nikikuta tena leson ya kupika, yenye watoto walishafanya jana yake, nitamuambia mkurugenzi atafute muntu mwingine."

Drocella anasubiri tangu siku hiyo, na usingizi bado unamshinda. Kuanzia wiki ijayo shemeji yake, Athanase, atalima nusu ya shamba, na mavuno watagawana.

"Tutakula kidogo," anasema Drocella, "lakini nitalala. Muntu hawezi kufundisha kutoa na kichwa yenye iko inaanguka."

Na watoto? Hatawaonya safari hii wafunge midomo?

Anacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka.

"Hawa? Nani aliwahi kuwaweza? Inspekta akirudi atawauliza, na watamuambia yote, hata yenye hakuuliza. Mie nataka tu siku ile wakuwe na kitu kizuri cha kusema."