Mwanga Ndani ya Tone la Damu

Mtaalamu wa maabara pale Same alikuwa na mikono myepesi kupita kiasi, na hilo ndilo lililonitia shaka. Alimchoma mama kidole bila mama kushtuka, akalikamua tone taratibu, kisha akatupa mgongo. Kila damu aliitazama muda mrefu, akiinamia taa yake ndogo nyekundu na kunong'ona peke yake. Mtu akimsogelea, huziba kioo cha kompyuta kwa kiganja. Kule kwetu Chome tayari wapo waliomwita mumiani, mnyonya damu za watu, na mimi, ingawa niliwacheka, nilikataa kuketi.

"Damu ya mama unaifanyia nini?" nikamuuliza.

"Napitisha mwanga ndani yake, dada. Kila chembe hai ya damu ni kama lenzi ndogo. Ikiwa nzima, inaukusanya mwanga mahali pamoja. Ikiwa na kasoro, mwanga unatawanyika."

"Hebu nione."

Akasita, kisha akaondoa kiganja. Niliona nukta za mwanga zimetulia, kila moja mahali pake.

"Hii ya mama yako haina shida," akasema.

Sikumwamini, maana pembeni palikuwa na picha nyingine, mwanga wake umesambaa ovyo kama uji uliomwagika.

"Na ile je? Si ndiyo ya mama, unanificha?"

Aliitazama picha ile kwanza.

"Ile ni yangu," akasema. "Naipima kila asubuhi kabla hamjafika."

Akavaa glavu mpya, akamwita mgonjwa mwingine.