Ndoo ya Mama Kulwa na neno "rupture"

Jioni ile ya mwisho mke wangu alijitwika ndoo ya maji, akaniambia, "Baba Kulwa, endelea kusoma." Nikaendelea. Alianguka mlangoni, hakuamka tena.

Cheti cha kifo kilisema kwa Kiingereza, "rupture". Kamusi yangu inasema asili yake ni Kilatini, kuvunja. Mwaka mzima niliamini aliyevunja ni mimi niliyebaki kitini.

Juzi, hospitalini Kahama, nilimuuliza daktari kama ni ndoo iliyomuua. Alichora mshipa wenye uvimbe nyuma ya kadi yangu ya matibabu. "Ulivimba miaka mingi, mzee. Ungepasuka hata akiwa amelala." Kamusi haikunieleza hilo.

Asubuhi iliyofuata nilijitwika ndoo ileile kutoka bombani. Jirani akashika kiuno. "Baba Kulwa, wanaume hubeba kwa baiskeli." Nusu ya maji ilimwagika, nami nikacheka.