Machela ya Bibi

Juzi nimerudi nyumbani Nyarubungo, rafiki yangu, nikakuta machela ya bibi yangu imegeuzwa kichanja cha kuanikia mihogo. Nilisimama pale kama mgeni.

Ilikuwa miti miwili mirefu na kamba za katani katikati, ikining'inia jikoni kwa bibi mpaka ikanuka moshi na maharage. Mgonjwa akizidiwa, kila nyumba ilitoa mwanaume wa kumbeba hadi hospitali. Nyumba isiyotoa bega, wa kwao habebwi. Hiyo ndiyo ilikuwa ada yetu ya matibabu, na haikuwa na msamaha.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, jirani yetu, mke wa mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, alishikwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto hatoki. Mumewe alikuwa malishoni, kama siku zote. Hakuwahi kumbeba mtu. Wanaume wakaja, wakakaa kwenye magogo, wakasema utaratibu ni utaratibu. Tulimsikia yule mama ndani akilia kwa Kisukuma, akimwita mama yake.

Bibi hakuwa na maneno laini. Alitoka na machela, akawauliza, “Kwani anayejifungua ni mumewe?”

Akakunja kanga akaiweka begani, akawaita wanawake wenzake. Kwetu mwanamke hakuwahi kugusa miti ile. Walibeba wakiteleza kwenye matope, sisi watoto nyuma na kibuyu cha uji. Tulipofika mtoni wanaume wakatufikia kwa nyuma, wakapokea miti, hawatazamani usoni. Mama alipona, na mtoto pia. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena nani amembeba nani.

Sisemi zamani kulikuwa kuzuri; wapo waliokata roho njiani. Siku hizi gari lipo, Mungu ashukuriwe. Lakini bibi alipozidiwa mwaka jana, dereva alitaka hela ya mafuta kwanza, nasi tukabaki kuhangaika na simu, huyu atume, yule atume. Bibi akafumbua macho.

“Wabebaji wamefika?”

Nikamwambia tunatafuta mafuta. Akageukia ukutani. Gari lilipofika, hapakuwa tena na mgonjwa. Inaniuma mpaka leo, sikufichi.

Basi nikaiondoa mihogo ile, nikaingiza bega chini ya miti. Bado ni imara kabisa. Ilinyanyuka upande wangu tu. Upande wa pili ukabaki chini.